Sauti Nane za Nyachuol

Kwenye basi la kutoka Lodwar, mbele yangu aliketi Mutua, fundi wa kurekodi nyimbo, amepakata kompyuta yake, programu ya kurekodi imefunguliwa. Jirani yake Nyachuol, mwimbaji wa kanisa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alimwonyesha simu. "Kaka, ile programu yenu ya kurekodi, walioitengeneza wametoa ya simu. Bei ya soda tatu."

"Mimi nililipa elfu arobaini, dada. Hiyo ya simu ni mchezo tu." Hata hivyo akaweka waya za simu ile masikioni, akasikiliza wimbo aliourekodi Nyachuol. "Kwaya yenu ina watu wangapi?"

"Wenzangu wote walirudi Sudan Kusini. Hizo sauti nane unazosikia ni mimi. Niliimba moja moja, nikazipanga."

Basi likasimama Kakuma, abiria wakaanza kushuka. Mutua hakuinuka. "Rudisha mwanzo," akanong'ona.