Taa Nyekundu na Mguu wa Kanyagio

Kijiwe cha mafundi watatu ni benchi refu lililoegemezwa ukuta wa karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma. Asubuhi hiyo Kanyagio, fundi cherehani, alikaa hapo, kahawa chungu mkononi, mguu wa kulia umefungwa bendeji. Ugonjwa wa sukari ulimletea kidonda cha unyayo, kikatunga usaha, na daktari hakumumunya maneno: uchafu ukipanda juu, mguu utakatwa. Na cherehani chake ni cha kukanyaga. Sasa hospitali wanamtibu kwa taa, na mchana huu alitakiwa kurudi. Kusema kweli, alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia asiende.

— Taa ya namna gani? — Cheche aliuliza.

— Nyekundu. Wanapaka dawa kwanza, wanaiacha iingie, ndiyo wanawasha. Dawa ikipata ule mwanga inaua vijidudu. Na vidonge naendelea kumeza.

— Inaunguza?

— Wala.

— Basi wanakuchezea. Moto usiounguza ni moto gani? Mimi nina mwanga humo ndani, nikikupiga kidogo tu, kijidudu kinaacha wosia!

— Cheche, mimi ni mtu, si geti.

Profesa, anayetengeneza redio na mwenye methali kwa kila jambo lisiloihitaji, alitua kikombe.

— Sikilizeni. Kijidudu ni mende. Ukiwasha taa, anakimbia. Anakimbilia wapi? Juu! Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali inaingiaje hapa?

— Kwani wewe si fundi nguo?

Kanyagio alicheka, lakini hofu ilimwingia. Juu ndiko alikokutaja daktari.

— Dawa yake ni taa mbili, — Cheche alisema. — Moja wanaifunga gotini, inaziba njia.

— Na ya tatu kiunoni, — Profesa aliongeza. Bora zaidi, akalale juani uchi, maana jua ndilo mama wa taa zote. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Nilale uchi, mama watoto anifungie nje?

— Basi leo ahirisha, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka.

Hilo ndilo neno alilokuwa akilingoja Kanyagio. Alikwisha kunyoosha mguu, ametulia, alipomwona dada mmoja amesimama mbele yao, kitambaa cheupe kwapani.

— Shikamoo, baba. Nimeelekezwa kwako, nataka gauni la harusi. Samahani, nimewasikia. Tangu uanze hiyo taa, kidonda kimekua au kimepungua?

Cheche alimtazama Profesa. Profesa alitazama kikombe.

— Sijui, mwanangu, — Kanyagio alisema. — Wakikifungua nafumba macho. Naogopa. Nesi hunipigia picha kila nikienda, zimo humu kwenye simu. Sijafungua hata moja.

Akampa Cheche simu, akageuza uso. Cheche, anayeshinda akikodolea moto, aliishika kwa vidole viwili. Akatazama. Akarudia kutazama.

— Profesa, hebu njoo uone.

— Nini? Semeni basi!

Kanyagio aliinyakua simu. Picha ya kwanza ilikuwa shimo lenye kingo nyeusi na usaha wa manjano. Ya mwisho haikuwa na usaha. Pale chini nyama ilikuwa nyekundu, mbichi, na kingo zilikuwa zimesogea ndani pande zote. Alipima kwa jicho, kama alivyopima mapindo ya nguo maisha yake yote. Kimepungua. Machozi yalimtoka mbele ya mteja, na hakuona haya.

— Si nilisema mimi? — Profesa alianza. — Subira...

— Wewe nyamaza. Cheche, toa pikipiki unipeleke hospitali, nisichelewe.

Cheche alikwisha kuingia ndani kutafuta funguo.

— Na gauni langu, baba? — dada aliuliza.

— Harusi lini?

— Bado sana. Mwisho wa mwaka.

Kanyagio alipokea kitambaa, akakipapasa, akakiweka mapajani.

— Basi niachie, mwanangu. Nitalishona kwa mguu huu huu.