Siku Niliyomsikia Binti Yangu kwa Kiswahili

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu aliyetufikisha leo. Mnaonijua mnaniita Baba Furaha. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, naishi mtaa wa Castle Vale na binti yangu, na kazi yangu ni kupakua mizigo kwenye ghala. Wakenya na Watanzania mtanivumilia kwa Kiswahili changu. Nilichokiona ni kikubwa kuliko maneno niliyo nayo, lakini nikinyamaza nitakuwa nimemnyima Mungu sifa yake.

Ndugu zangu, Furaha alizaliwa na ugonjwa wa damu, selimundu, ule ambao kule kwetu wazazi wengi wanauita SS. Mama yake alifariki tukiwa kambini Uganda, mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilimzika mke wangu, nikamfunga mtoto kwa kitenge chake, nikamwambia Mungu: huyu usinichukulie. Baadaye tukaletwa huku Birmingham. Furaha akakulia hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimwuliza neno anakujibu kwa Kiingereza, kama watoto wenu wengi. Kiingereza changu mimi ni cha ghalani. Najua inua, sukuma, angalia mguu wako, nenda mapumziko. Zaidi ya hapo nachungulia tu.

Kwa hiyo tuliishi hivyo. Mimi namwuliza, "Mwanangu, umeamkaje?" Yeye anajibu, "I'm fine, Papa." Hayo maneno nayajua: niko salama. Nikayaamini, nikamshukuru Mungu, nikaenda kazini alfajiri. Nikirudi jioni namkuta amevaa vizuri, nywele zimesukwa, wali uko mezani. Akishikwa na maumivu makali tunakimbilia hospitali kule upande wa Harborne, wanamtundikia dripu, wanamrudisha, na yeye anarudia lile neno lake.

Alipofika umri wa mtu mzima alikuwa anasomea ualimu wa watoto wadogo. Baridi ilipoingia akaacha kwenda chuoni. Kungojea basi kwenye upepo kulikuwa kunamwamshia maumivu, akishuka hawezi kutembea. Dada Wangari, yule nesi wetu wa kanisa, mnamfahamu, akaniambia, "Baba Furaha, huyu msichana anafaa kuomba posho ya ulemavu. Ile benefiti iko kwa sababu ya watu kama yeye."

Ndugu zangu, neno ulemavu lilinichoma. Kwetu mtu akiitwa kilema ni kama amefungiwa mlango. Furaha mwenyewe hakulitaka. Lakini alitaka kurudi chuoni, tukaomba.

Mama mmoja wa ofisi akapiga simu kumhoji. Furaha akaweka simu mezani, sauti ikawa ya wazi, nami nikakaa kando yake kumpa nguvu. Niliona mwanangu anajibu kwa heshima, bila wasiwasi. Baadaye alinieleza walivyoulizana: Unaweza kuoga? Naweza. Unaweza kupika? Naweza. Unavaa mwenyewe? Ndiyo. Nikafurahi. Niliona nimemlea vizuri.

Jibu likaja kwamba hastahili. Tukaomba waangalie upya, wakasema vilevile. Dada Wangari alitusomea sababu zao tukiwa jikoni kwangu: binti huyu anaoga mwenyewe, anapika mwenyewe, anapanda na kushuka ngazi. Nikasema, "Lakini dada, si ni kweli? Nitabishana nao vipi?"

Wangari akanitazama. Akasema, "Mimi sijui vile anaoga. Na wewe hujui. Anayejua ni yeye. Hiyo maneno usiiache hivyo, kateni rufaa."

Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akapanda juu.

Tulikata rufaa. Nikaandikishwa kama shahidi, na kwa sababu ya Kiingereza changu wakaniwekea mkalimani. Miezi ikapita. Niliomba Mungu, kusema kweli, niliomba maneno. Niliomba anipe kinywa cha kumtetea mtoto wangu mbele ya wakubwa. Niliyapanga maneno hayo kazini, nikiwa nashusha maboksi, nikayajua kwa moyo.

Siku ikafika. Tukaingia katika chumba cha kawaida tu, meza ndefu, maji kwenye glasi. Mbele yetu watu watatu: hakimu, ambaye ni mama mwenye miwani na sauti ya upole; daktari; na bwana mmoja anayetembea kwa gongo. Mkalimani alikuwa dada wa Kitanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Akakaa karibu na sikio langu. Akanieleza kwamba lolote litakalosemwa atalisema kama lilivyo, kama vile msemaji ni yeye.

Hakimu akamwambia Furaha, "Tueleze siku yako moja mbaya, tangu unapoamka."

Furaha akatazama meza, akanitazama mimi, akarudi kwenye meza. Hakimu akaona, akamwuliza swali. Mkalimani akaninong'oneza: "Je, ungependa baba yako asubiri nje?"

Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Baba mwenye heshima anajua wakati wa kutoka. Ndipo nikahisi mkono kwenye mkono wa koti langu, na binti yangu akasema, kwa Kiswahili, mbele ya wale wazungu wasiojua hata neno moja: "Papa abaki."

Nikakaa. Akaanza kusema kwa Kiingereza, polepole, na mkalimani akaanza kuniambia sikioni.

"Naamka kabla baba hajaondoka, lakini natulia kitandani mpaka nisikie mlango umefungwa. Sitaki anione ninavyoshuka ngazi. Nashuka nimekaa, ngazi moja kisha nyingine, kama mtoto mdogo. Nyonga yangu haibebi uzito."

Ndugu zangu, nilimgeukia yule dada. Nilidhani amekosea. Akaendelea.

"Kuoga ni shida. Siwezi kuvusha mguu kuingia kwenye bafu. Nakaa sakafuni na kitambaa na ndoo ndogo. Maji yakipoa maumivu yanaanza, kwa hiyo siku nyingine naacha. Nguo navaa nikiwa nimelala. Nywele ananisuka rafiki yangu kwa sababu mikono haikai juu. Wali wa baba nauanza mchana ili nipate kupumzika katikati. Sufuria siinyanyui, naisukuma. Nikiumwa sana nalala palepale jikoni chini, naweka kengele ya simu iniamshe kabla hajarudi."

Daktari akauliza, "Kwa nini kwenye simu ulisema unaweza yote haya?"

Furaha akasema, na sauti ya mkalimani ikaniambia:

"Baba alimzika mama yangu. Akinisikia naumwa uso wake unabadilika, unakuwa wa kule kambini. Sitaki afikiri inaanza tena. Kwa hiyo nasema niko salama."

Hapo yule dada wa Kitanzania akaacha kutafsiri. Akasema neno kwa hakimu kwa Kiingereza, kisha kwangu: "Mkalimani anaomba dakika moja." Akanywa maji. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Wapendwa, sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nimeishi na mtoto huyu miaka yote, na nilikuwa sijawahi kusikia habari zake kwa lugha ninayoielewa. Siku hiyo zilikuja kwa kinywa cha mtu nisiyemjua, na kila sentensi ilikuwa "naamka", "nakaa", "nalala". Nilisikia kama Furaha mwenyewe ameniinamia sikioni. Nywele zilinisimama. Nilijua Mungu yuko mle ndani. Nilimwomba maneno, naye akanipa masikio.

Hakimu akaniuliza kama nina la kuongeza. Yale maneno niliyoyapanga ghalani yote yalikuwa yamekwenda. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi nimeitwa shahidi, lakini sikuona kitu. Leo nimesikia pamoja nanyi. Shahidi ni yeye."

Wakatutoa nje wajadiliane. Tulikaa kwenye viti vya ukumbini. Furaha akaniuliza, "Papa, umekasirika?" Kwa Kiswahili tena. Kiswahili chake kilikuwa kinakwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Nikamwambia, "Sikukasirika, mwanangu. Naogopa, lakini si ile hofu uliyoikimbia. Nakuogopa wewe, jinsi ulivyo na nguvu."

Akacheka huku analia. Nami nikamshika mkono, tukangoja.

Walipotuita ndani, hakimu hakuzunguka. Alisema wamemwamini, na kwamba posho atapewa. Yule bwana mwenye gongo akamwinamishia Furaha kichwa, kama mtu anayemsalimu mwenzake.

Ndugu zangu, sikuja hapa kuwaambia amepona. Majira haya ya baridi alilazwa tena. Lakini leo kuna kiti ndani ya bafu letu na vyuma vya kushikilia ukutani. Kuna mama anayekuja asubuhi kumsaidia kuoga. Teksi inampeleka chuoni, na watoto wa mazoezi yake ya kufundisha wanamwita Miss, wanamgombania. Wali tunapika wawili, yeye amekaa anachambua, mimi nanyanyua sufuria. Na nikimwuliza ameamkaje, siku nyingine ananijibu, "Papa, leo inauma sana." Nami sikimbii. Nakaa. Uso wangu ukitaka kwenda kule kambini, naurudisha kwa maombi.

Nilidhani wokovu wa nyumba yangu utakuja siku ugonjwa utakapoondoka. Bwana alikuja na ugonjwa bado upo, akaingia mpaka bafuni, akaketi sakafuni na mwanangu mahali ambapo mimi sikuwahi kufika. Mungu wa namna gani huyu? Mimi bado nashangaa. Nashusha mizigo nikishangaa.

Basi, wewe ambaye leo umeficha ugonjwa wako ili usimwumize mzazi, mtumaini Bwana kwa ukweli wako wote, hata ule wa aibu. Haogopi kuusikia. Na wewe mzazi unayeogopa neno ulemavu, lisimfungie mtoto wako mlango. Mwombeeni, na pia mpelekeni akaombe haki yake. Hayo mawili hayagombani.

Nimshukuru Dada Wangari, nimshukuru na yule mkalimani popote alipo. Sifa zote ni kwa Yesu. Furaha yuko kule nyuma, karibu na hita. Baada ya ibada nendeni mkamsalimie. Atakayemwuliza hali yake, tafadhali, angojee jibu.