Pampu Tatu, Nyuzi Nne: Helen Mokeira Anastaafu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja kamili jioni, Kampuni ya Maji ya Kuja Chini itampoteza mwendesha mitambo wake mkongwe, Bi. Helen Mokeira, baada ya miaka thelathini na moja, miezi saba na siku tatu za kazi. Hasara hiyo tunaijua. Ina barua, ina tarehe, na keki yake imeshaagizwa. Hasara ya pili ilitangulia. Jumatatu tarehe 10 Novemba, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Bendi ya Mabomba, yaani bendi yetu sisi wafanyakazi, ilimpoteza mpigaji wake wa gita la besi. Hiyo haina barua. Tutaifikia.

Bi. Mokeira, ambaye hapa kazini wote tunamwita Mama Liz, aliajiriwa tarehe 25 Aprili 1994 kufagia nyumba ya pampu pale mtoni, nje kidogo ya mji wa Migori. Alifagia miezi kumi na minne. Siku moja mwendesha mitambo wa zamu hakutokea, na mjini mifereji ikaanza kukohoa hewa. Meneja alipofika mbio saa nne asubuhi alikuta pampu namba moja inanguruma, tangi limefika nusu, na mfagiaji ameketi na daftari la zamu mapajani akiandika presha ya kila nusu saa. Alipoulizwa nani alimfundisha, alijibu kwamba hakuna aliyemfundisha, ila miezi kumi na minne ni mingi kwa mtu mwenye macho. Ufagio ukapewa mtu mwingine.

Ujuzi wake mkubwa ulikuwa wa masikio. Mafundi wengi hapa wanajua kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha beringi na kubana mpini sikioni ili kusikia mashine inavyozunguka ndani. Mama Liz aliifanya kazi hiyo kila alipoanza zamu, pampu moja baada ya nyingine, tatu zote, hata siku ambazo hakuna aliyelalamika. Mwaka 2009 aliizima pampu namba mbili mchana wa jua kali, watu wakiwa na kiu, na msimamizi wake akampigia simu kwa ukali.

“Mama Liz, umezima kwa amri ya nani?”

“Kwa amri ya beringi.”

“Presha inasoma sawa, ampea zinasoma sawa. Washa!”

“Nimesikia, bwana mkubwa. Njoo uiwashe wewe, mimi nisimame kule barabarani.”

Ilifunguliwa. Beringi ilikuwa na ufa wa milimita kumi na moja. Ingeendelea kuzunguka, shafti ingekatika, na mji ungekaa majuma sita bila maji, kwa maana vipuri vya pampu ile wakati huo vilichukua majuma sita kufika. Msimamizi yule hakuomba radhi, lakini tangu siku hiyo alikuwa akiuliza kwanza.

Sasa tuingie kwenye muziki, ambao ndio uliowafanya wengi wenu mnaosoma jarida hili mmjue.

Alhamisi tarehe 30 Oktoba 2014, bendi ilikuwa karakanani ikifanya mazoezi bila besi. Mpigaji wetu Okari alikuwa amepata kazi Kisumu na kuondoka. Tulikuwa na shoo Rangwe siku ya soko la hisani, Jumapili tarehe 9 Novemba. Zilibaki siku kumi. Mama Liz, ambaye wakati huo alikuwa na miaka arobaini na minane, alipita kuchukua grisi. Alisimama mlangoni, akasikiliza nyimbo mbili nzima na kopo lake mkononi.

“Kuna kitu hapa chini hakipo,” akasema.

Levis, msoma mita na mwimbaji wetu, akamwambia kinachokosekana ni besi, na mwenye besi ameenda.

“Ina nyuzi ngapi?”

“Nne, Mama.”

“Pampu ninazo tatu. Tofauti ni moja.”

Tulicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake mchana alikuja kwenye dirisha la stoo kuulizia gita.

Hapa lazima mambo yaelezwe kwa utaratibu, kwa sababu mwisho wa habari unategemea dirisha hilo. Mwandishi wa makala haya ndiye aliyekuwa msimamizi wa stoo mwaka huo. Gita alilompa Mama Liz hakulitoa kwenye rafu. Alikuwa ameliunganisha mwenyewe kwa mikono yake miezi ya nyuma: mwili ulitoka kwa bendi iliyovunjika Awendo, shingo ilipatikana Homa Bay, ufa wa mgongoni ulizibwa kwa gundi ya mabomba, na skrubu nne zinazoshika shingo zilitolewa kwenye kifuniko chakavu cha pampu namba moja. Lilikuwa zawadi. Lakini Mama Liz hajawahi, kwa miaka thelathini na moja, kupokea kitu chochote kupitia dirisha lile bila kutia saini, iwe glavu au balbu. Aliposukumiwa gita, alidai karatasi. Akaambiwa hakuna haja. Akasema basi hakuna gita. Siku zilizobaki zilikuwa tisa. Karatasi ikaandikwa: “Gita moja, nyuzi nne, limepokelewa likiwa zima.” Akatia saini yeye, akatia saini mtoaji, nakala akakunja akaweka kwenye pochi.

Siku tisa hazitoshi kumfundisha mtu besi. Hilo tulilijua. Tulichomfundisha ni sauti mbili, ya kuanzia na ya kurudia, na tukamwomba azishike hizo hizo kwa nyimbo zote nane. Rangwe aliketi juu ya jerikeni la lita ishirini lililofudikizwa, gita limelala mapajani kama mtoto anayekataa kunyonya. Mzee mmoja wa mbele akapaza sauti, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo: “Huyu nyar Kisii amekuja kupiga muziki ama kusoma mita?” Watu wakaangua kicheko. Mama Liz hakuinua macho. “Yako nitaisoma kesho,” akasema kwenye maikrofoni ya Levis, na kicheko kikamgeukia mzee.

Baada ya shoo alitoa daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la zamu, lenye safu za saa, presha na maoni, ila safu ya presha alikuwa ameifuta na kuandika “makosa”. Rangwe: nyimbo nane, makosa arobaini na moja.

Tulimshauri ajifunze nyumbani kwanza, atulie mwaka mmoja, kisha arudi jukwaani. Alikataa. Alisema nyumbani akikosea, mumewe Matiko hata hageuki, na kosa ambalo hakuna aliyeligeukia, mtu halikumbuki. Jukwaani watu hamsini wanageuka. Kwa hiyo alijifunzia mbele ya watu, kosa kwa kosa: harusi ya Rongo, mahafali ya chekechea Uriri, uzinduzi wa kisima Ndhiwa, mkahawa wa samaki Homa Bay wenye meza sita. Shoo saba za kwanza alipiga ameketi kwenye jerikeni. Ya nane alisimama. Ya ishirini na tatu aliangalia watu badala ya nyuzi, akakosea mara kumi na tisa, na akaandika kwenye safu ya maoni: “Inafaa.”

Kosa lake maarufu si la vidole. Wasiotoka pande hizi waelezwe kwamba kwenye muziki wa Waluo kuna pakruok. Mtu anainua mkono katikati ya wimbo, bendi inanyamaza, naye anajisifu au kumsifu rafiki yake, mashemeji wake, ng'ombe wake, hadi ashibe. Akimaliza, muziki unarudi. Mama Liz alilelewa Kisii na kuolewa Kegonga kwa Wakuria, na sisi sote tulidhani mwenzetu mwingine alishamweleza. Kwenye harusi moja karibu na Homa Bay, Mei 2015, mwalimu mmoja mstaafu aliinua mkono. Magita yakanyamaza. Mochama, mpiga ngoma wetu, akaziweka chini fimbo zake. Besi ikaendelea peke yake, dum, dum-dum, kwa sababu aliyeishika alikuwa ameinama akihesabu.

Mochama alimkanyaga kiatu. Mama Liz akadhani anaharakishwa, akaongeza mwendo.

Mwalimu alibaki mdomo wazi. Kisha mabega yakaanza kumcheza. Akajisifu juu ya besi ile kwa dakika tisa, akaanzia kwa babu yake na kumalizia na baiskeli yake, na kila akikata sentensi besi ilikuwa pale chini kuipokea. Alipokaa, wengine kumi na mmoja walikuwa wamesimama na mikono juu, na wa kwanza akatuonya: “Na ile ya chini msizime!” Hatujaizima tangu siku hiyo. Kuanzia Awendo hadi Mbita bendi zote hunyamaza kwa pakruok. Yetu hunyamaza isipokuwa besi, na watu wengi hutuita kwa sababu hiyo tu. Tulichotumia miaka kutafuta kwa akili, yeye alikipata kwa kutojua.

Masikio ya pampu nayo yalitusaidia. Mwaka 2018, kwenye mkahawa ule wa samaki, spika ilianza kuzomea. Elvis, dereva wa lori la maji ambaye ndiye fundi wetu wa sauti, alikuwa ameshaamua kwamba amplifaya imekufa. Mama Liz aliomba bisibisi, akaiweka kwenye sanduku la spika, akabana mpini sikioni huku wateja wakiwa wameshika matonge hewani. “Skrubu ya kulia, chini,” akasema. Ilikuwa imelegea. Baada ya dakika sita tukarudi kupiga.

Hesabu yake kamili ni hii. Miaka kumi na moja, shoo mia moja arobaini na tatu, wastani wa kumi na tatu kwa mwaka, hakuna hata moja ya Jumamosi kwa heshima ya Wasabato wetu wawili. Hadhira kubwa kuliko zote, watu kama mia nne. Ndogo kuliko zote, watu saba, na wawili walikuwa wapishi. Shoo ya mwisho ilikuwa Awendo, Jumapili tarehe 9 Novemba mwaka huu: nyimbo kumi na tano, makosa matatu kwa hesabu yake. Kwa hesabu yetu yalikuwa manne, ila hilo halitufikishi popote.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na dakika ishirini, alikuja kwenye dirisha la stoo kurudisha vifaa vya kampuni kabla ya kustaafu, kama fomu inavyotaka. Joyline, karani wa stoo wa sasa, alipokea buti za mpira jozi moja, kofia ngumu moja, tochi moja, bisibisi ndefu moja. Kisha likapita gita. Lilikuwa limefutwa vumbi, nyuzi zimelegezwa ili shingo isipinde, na juu yake ile nakala ya mwaka 2014, imechakaa kwenye mikunjo lakini inasomeka.

Joyline alitafuta kwenye leja, hakuona gita. Alitafuta kwenye kompyuta, hakuona. Hawezi kupokea kitu kisicho na namba, na hawezi kukirudisha kwa mtu mwenye karatasi inayoonyesha alikipokea stooni. Gita liko hadi leo kwenye rafu ya tatu, kati ya sili za pampu na mabuti mapya. Mama Liz ameambiwa kwa mdomo mara mbili kwamba lile ni lake. Mara zote mbili alijibu kwamba karatasi ina saini mbili. Levis alipomuuliza kama bado atapiga nasi, alisema “mtaona.” Mochama alipomuuliza, “mtaona.” Pampu tumeona: amemfundisha Arasa, atakayeshika nafasi yake, miezi sita, na Arasa sasa anatembea na bisibisi sikioni. Besi hakumwachia mtu.

Basi na iandikwe hapa, mbele ya wafanyakazi wote mia moja na kumi na wawili, kwa kuwa Mama Liz huheshimu kilichoandikwa. Karatasi ya tarehe 31 Oktoba 2014 ilikuwa kosa la aliyeitoa. Stoo haikuwahi kuwa na gita. Karatasi hiyo imefutwa leo, Joyline ni shahidi, na saini ya pili imeondolewa na mwenye nayo. Kama sababu ilikuwa karatasi, sababu imekwisha. Kama ni umbali wa Kegonga, anakokwenda kulima, Elvis ana lori na njia anaijua. Kama ni kuchoka, au kuna neno ambalo sisi tulilisema na likauma, tunastahili kuambiwa. Miaka kumi na moja si mgeni wa jioni moja.

Mama Liz, kampuni inakushukuru kwa maji yaliyofika na kwa yale ambayo yasingefika. Shamba la Kegonga likupe mahindi yaliyojaa, Mzee Matiko akugeukie walau mara moja ukipiga, na afya isikuache.

Imebaki hii. Jumapili tarehe 14 Desemba, saa nane mchana, tunapiga Rangwe, soko lile lile la jerikeni. Unapiga, au hupigi? Mjibu Joyline dirishani, ndiyo au la, kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa tarehe 28, stoo inapofungwa. Ukisema ndiyo, utapewa gita bila kutia saini. “Mtaona” haitapokelewa.