Godoro la Makapi ya Miwa

JORAM: Haloo? Nani anaongea?

BELDINA: Ni mimi. Mama yake Seline.

JORAM: Mama! Habari za Ahero? Mwanangu Milka mzima? Na Seline—

BELDINA: Wanakula, wanalala. Joram, niko kwa kibanda cha simu, shilingi zangu ni chache. Godoro ulilotuma limefika.

JORAM: Asante Mungu. Mke wangu amelilalia?

BELDINA: Nimeliegemeza nje ukutani. Linanuka.

JORAM: Linanuka nini, mama?

BELDINA: Unaniuliza mimi? Linanuka kile kilichomtoa mtoto wangu kwako. Chang'aa.

JORAM: La, mama, hiyo ni—

BELDINA: Uliapa kwangu kwamba umeacha!

JORAM: Ni harufu ya kazi. Hapa kwa tajiri wangu, Bwana Waliaula, tunajitengenezea sponji ya magodoro. Makapi ya miwa tunayapika na machicha ya kiwanda cha spiriti mpaka yawe uji mweusi—

BELDINA: Spiriti! Yaani mlevi ameandikwa kazi kwenye pombe.

JORAM: Pombe ilishatolewa, ni mabaki tu. Tunatia ile dawa ya viwanda vya magodoro vya Nairobi, uji unafura kama unga wa mandazi. Lianike, harufu itaisha.

[simu inakwaruza]

BELDINA: Haloo? Haya, tuseme ni hivyo. Na kitambaa?

JORAM: Kitambaa gani?

BELDINA: Usijifanye. Cha maua ya buluu, anayopenda Seline. Kimeshonwa kwa mkono. Nimepitisha kidole kona hadi kona, hakuna mahali mshono umepinda. Huyo mwanamke ni nani?

JORAM: Mwanamke?

BELDINA: Aliyekushonea! Usimwite mtoto wangu arudi kwa nyumba yenye mtu.

JORAM: Hakuna mtu. Nilishona mimi.

BELDINA: Wewe? Uliyekuwa unashika kikombe changu kwa mikono miwili na bado chai inamwagika?

JORAM: Mimi, mama. Mshono wa kwanza ulipinda, nikafumua.

BELDINA: Mkono... hautetemeki?

JORAM: Tangu Krismasi.

BELDINA: Ya simu siamini. Jumamosi uje na sindano. Utamshonea Milka mto, mimi nimekaa hapo mbele yako natazama.

JORAM: Nitakuja. Lakini Seline... atakuwepo? Ama atakimbilia tena kwa jirani akiniona?

BELDINA: Yuko hapa. Sikio amelibandika kwa simu tangu nianze.

JORAM: Seline? Seline!

BELDINA: Ngoja, ananivuta leso... Anasema usinunue uzi. Wa buluu anao—

[tuu, tuu, tuu]