Kushiba kabla ya kufika

Ndani ya basi la kwenda uwanja wa ndege, Papa Kalenga alimfunulia mama aliyeketi kando yake siri ya safari yake ya Lubumbashi. Daktari wa Schaerbeek, mtaa anakoishi Ubelgiji, amemkataza wanga kwa sababu ya sukari, na mwanawe amempa kadi ya kuingilia salon ya VIP ya uwanjani, ambako abiria hula bure kabla ya kuruka.

"Donc, maman, nitakula salade mpaka nishibe. Nikifika kwa mama yangu, nakataa bukari, ule ugali wake, bila ugomvi."

Babu yake, mgodini Katanga, alipimiwa posho ya unga na bosi Mbelgiji. Mjukuu anakwenda kujipimia majani mwenyewe. Maendeleo hayo, tupige makofi.

"Miaka ngapi haujamuona?"

"Onze ans. Kumi na moja."

"Alors miaka onze anakungojea na sahani, na wewe unafika umeshiba! Bon. Atakuuliza: mutoto yangu, ulishiba kwa nani? Utamujibu nini, papa? Kwa karoti?"

Papa Kalenga alicheka, akajikuta anacheka peke yake. "Sukari inaua, maman."

"Inaua, ndiyo. Na yeye mama iko na miaka ngapi?"

Basi likasimama uwanjani. Papa Kalenga, aliyeshika sanduku lake tangu mwanzo wa safari, akawa wa mwisho kushuka.