Shali ya Alpaka Mabegani mwa Mama Nyamizi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wahitimu wenzangu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kabla sauti haijanikauka, nina siri ambayo hata mama hajaisikia. Mimi, Nyamizi, ambaye nikiitwa jina darasani huitikia kwa kuinamisha kichwa, nilikuwa nausalimia uzi. Ndiyo, uzi.

Mnakumbuka siku Mwalimu Justa alipotuletea sufu ya alpaka, mnyama wa milima ya Peru mwenye shingo ndefu na manyoya laini kama ya kifaranga? Alisema atakayefuma shali bora ataajiriwa hapa kwenye karakana ya chuo. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula, kwa sababu mama, anayewapikia wachimbaji kule Mwakitolyo, alishaniambia, "Ukikosa kazi mjini, njoo unisaidie kuosha sahani."

Basi nikafuma kama tunavyofuma pamba yetu ya Kishapu: uzi umevutwa hadi umekaza, kitana cha kusukumia uzi kinagongwa kwa nguvu. Shali ilipotoka kwenye mtambo ikajikunja, ikawa nyembamba na ngumu kama gunia. Mwenzetu Jilala akaiinua juu.

"Dada, huu mkanda wa kumfungia punda? Halafu nani atavaa sufu kwenye jua la Shinyanga?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinipa uzi uliobaki, akasema, "Mwanangu, pamba unaiamuru. Huyu muombe."

Ningeomba vipi, mimi ninayeshindwa hata kuomba chumvi mezani? Nikaanza na salamu. Kila nilipopitisha uzi nilinong'ona, "Mwangaluka," ile salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, nikasubiri kidogo kana kwamba utaitikia, ndipo nikausukuma kwa kitana, taratibu. Nani anamsalimia mgeni huku anampiga? Nikalegeza na nyuzi za mtande, zile za urefu zinazotandazwa kwanza kwenye mtambo, na kitambaa kikaanza kutoka laini, kinateleza mkononi. Mwalimu aliponiuliza nimebadilisha nini, nilijibu, "Nimelegeza tu uzi, Mwalimu."

Ndugu wageni waalikwa, shali yenyewe ile pale, mstari wa mbele, mabegani mwa Mama Nyamizi. Ni saa saba mchana, jasho linamtoka, na amekataa kuivua! Jilala, uliuliza nani ataivaa? Ataivaa mwanamke anayewasha jiko alfajiri za mwezi wa saba, upepo wa Mwakitolyo ukimpiga mgongoni. Na jana karakana iliniajiri. Mama, wa kuosha sahani mtafute mwingine!

Nawashukuru walimu wangu, na wewe mama, uliyeniacha nisome. Jumatatu nitakuwa tena kwenye mtambo wangu. Mkipita dirishani mkaona midomo yangu inacheza, msiulize. Najua siri nimeitoa kwenye kipaza sauti, lakini nawaomba ibaki humu humu ukumbini. Hasa wewe, Jilala.

Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Uzi haujawahi kunipigia makofi.