Mbwa wa Zipporah Hakai Kwangu

Benchi la Ubaid, muuza kahawa, liko Mambrui, ubavuni mwa duka la saruji, na ukikaa mwisho wake unauona mlango wa uani wa Mama Kibibi. Hapo ndipo nilipoketi Jumamosi ile saa kumi, na mnyororo mpya mfukoni. Wananiita Shemasi kwa sababu ndiyo kazi yangu kanisani. Mke wangu Zipporah alikuwa na majuma saba kaburini, na mbwa aliyeniachia hakai kwangu. Kila siku huvuka njia akalala mlangoni pa Mama Kibibi, na mama huyo ni mtu wa swala tano. Nilikuja kuomba ushauri, nikaona haya hata kuanza. Ubaid akanimiminia kahawa chungu, ndipo nikasema.

— Huenda mara ngapi kwa siku? akauliza Nzai. Huyu tunamwita Daktari, maana mwaka mmoja aliwashikia watu wa chanjo mbuzi.

— Asubuhi na jioni. Siku nyingine harudi kabisa.

— Jana nimemwona ametia mdomo kwenye ndoo ya kutawadhia, akasema Zubeir. Alikuwa tarishi mahakamani, kwa hiyo tunamwita Sheria. Akaendelea: Ndoo hiyo huoshwa mara saba, Shemasi, na moja kwa udongo. Mama wa watu, na magoti yale!

— Mbona hajanilalamikia?

— Atakulalamikiaje? Wewe ndiye uliyefiwa.

Nikainamia kikombe. Miezi mitatu ya ugonjwa wa Zipporah, Mama Kibibi alileta uji wa mchele kila asubuhi. Na mimi nikamlipa kwa mdomo wa mbwa.

— Dawa ni rahisi, Daktari akasema. Mtie kamba, mzungushe mpakani asubuhi tatu. Akifika penye ua, simama, mwambie rudi. Akirudi, dagaa mmoja.

— Mpaka upi? akadakia Sheria. Kiwanja cha Shemasi hakina hati. Mwenyewe hajui kinaishia wapi, mbwa ndiye ajue? Aletwe mpimaji kwanza, zichimbiwe bikoni za mpaka, mbwa anuse zote nne.

— Mpimaji tunamngoja tangu nikiwa na meno yote, akasema Mwambire, fundi wa pampu, tunayemwita Injinia. Mimi nitazungusha waya, niuunganishe na betri ya pikipiki. Akigusa mara moja tu, ataokoka.

— Na kuku wa Shemasi?

— Watazoea.

— Na Shemasi mwenyewe akirudi kutoka kwenye kesha?

— Atapiga haleluya, majirani watajua amefika.

Walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaona haya, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Daktari hakukubali kushindwa.

— Basi tufanye ya wazee wetu wa Ganze. Pima mkia wake kwa kijiti, kijiti ukizike chini ya kizingiti. Hatoki tena mpaka kufa.

— Mimi ni shemasi, Nzai.

— Basi mkia apime Sheria. Wewe utazame kando.

— Nishike mkia wa mbwa, mimi? Nina udhu hapa!

— Injinia basi. Wewe huna udhu wala ushemasi.

Injinia akanywa kahawa yake polepole.

— Mimi naogopa mbwa, akasema.

Walipomaliza kumcheka, nikautoa mnyororo. Nikawaambia nimeamua kumfunga kwenye nguzo ya jikoni, mchana na usiku. Injinia akaupima kwa mkono.

— Huu ni wa ng'ombe, Shemasi.

— Ndio mzuri, akasema Sheria. Mama Kibibi apumzike.

Wakakubaliana wote. Ndipo Afiya, binti wa Mama Kibibi, akatoka kwenye ule mlango. Akasimama mbali kidogo na benchi, kwa adabu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Nilisimama.

— Mwambie mama aniwie radhi, mwanangu. Ile ndoo. Leo namfunga.

— Ndoo ipi, baba? Ile ni yake. Mama alimtengea ndoo na kigae cha kulia tangu siku za matanga. Amenituma nikuulize jambo. Marehemu alikuwa akimlisha saa ngapi? Sisi humpa baada ya alfajiri na baada ya magharibi, lakini akimaliza hulala pale mlangoni kama anayengoja kingine. Mama anaogopa tunamkosea.

Wote wakanitazama mimi.

Mimi hula kwa dada yangu Pamela. Jiko la Zipporah nililitia kufuli siku tuliyoanua matanga, na ufunguo umo ndani ya Biblia yangu. Majuma saba nimepiga magoti kila alfajiri nikiwaombea wenye njaa, wala sikujiuliza hata mara moja kama mbwa amekula. Hata Zipporah alipokuwa hai, sikuwahi kutazama.

— Sijui, mwanangu, nikasema.

Afiya akaendelea kungoja, akidhani bado nafikiri.

Daktari alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Injinia akaurudisha mnyororo kiganjani mwangu. Ubaid akaliinua dele la kahawa, akalitikisa.

— Kahawa imekwisha, jamani, akasema, na mimi niliisikia ikicheza ndani.

Nikautia mnyororo mfukoni, nikaaga, nikashika njia ya nyumbani. Ulilia kila hatua. Nikaushika kwa nje ya suruali, unyamaze.